Isale Kwenye Usukani

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimeamka salama. Nimezihesabu baiskeli uani, zote nne zipo. Lakini kwenye usukani wa Malkia, ile nyekundu ninayopanda mwenyewe, nimekuta jani la isale. Limefungwa fundo. Bado lina umande.

Daftari hili litasomwa siku nikiwa mtu mkubwa, pengine na watu wa Mtwara, kwa hiyo naeleza. Kwetu Uchaggani, aliyekukosea akikuletea isale anaomba msamaha, na hukatai. Hata kama amechoma nyumba yako. Ukikataa, mkosaji unakuwa wewe. Ila isale huletwa mkononi, na kosa hutajwa. Hili limeachwa kama tangazo la mkutano wa mtaa. Nimeombwa msamaha, na sijui na nani wala kwa kosa gani.

Ningetukanwa ningekuwa na amani zaidi.

Nimekagua cheni. Nimekagua tairi. Kiti nimekinusa. Hakuna kitu. Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi, maana kosa linaloonekana si kosa la kuombewa isale.

Na limekuja wiki gani? Wiki hii hii. Keshokutwa anafika dada Evelyn, mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli kutoka Dar, kuipima njia yangu ya ziara za baiskeli. Akiipenda, Septemba analeta watu arobaini na baiskeli zao. Asipoipenda anahamia kwa Godwin, mwenye helmeti mpya na fulana zilizoandikwa jina lake mgongoni, nami narudi kubeba mikungu ya ndizi kutoka soko la Kwa Sadala. Nimeibeba miaka sita. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia mpaka leo. Fundi cherehani hunipima mara mbili.

Njia yangu nimeiita Pwani ya Kilimanjaro. Nimebuni mwenyewe. Inaanza hapa kwetu Majengo, mjini, inapanda Kilema kwenye kanisa la zamani la wamisionari na mahandaki ya wazee wetu, kisha inashuka hadi Ziwa Chala, juu ya ukingo wa majabali, maji yako chini kabisa kama yamedondoshwa. Watu wa Dar wanapenda pwani. Ni kweli wanayo kwao. Ila yao ina joto.

Mimi mambo haya nayajua. Nimetembea. Nimefika Mombasa, nimefika Lusaka, na Dubai nilikaa saa sita uwanja wa ndege nikazijua tabia zao zote.

Nimemwonyesha jani Eliufoo, fundi wangu na mshirika wangu wa miaka tisa. Spana ikamponyoka. Akasema, ungelipokea tu, Wense, huenda kosa lenyewe ni dogo. Nikamwambia dogo halifungwi fundo. Akainama kuiokota spana. Ana huruma sana huyu. Walutheri wa kule kijiji cha Mamba ndivyo walivyo.

Mtuhumiwa wa kwanza: Godwin.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda dukani kwa Godwin na isale mkononi. Nikaliweka mezani katikati ya helmeti. Nikamwambia nimepokea, nimesamehe, sasa taja.

Godwin ni wa Machame, isale analijua. Akaliangalia jani, akaniangalia mimi, akaangalia mlango. Halafu akasema, bro, ile ya breki ulisikia wapi?

Kumbe amekuwa akiwaambia watu wa mapokezi wa hoteli zote kwamba baiskeli zangu zinasimamishwa kwa soli ya kiatu. Ni uongo. Mbili zina breki. Nikamuuliza, basi hili jani ni lako? Akaapa si lake. Kwake kote ni saruji, hana hata mchicha. Akauliza kama msamaha unahesabika kwa sababu ameshaungama. Nikamwambia unahesabika. Nimeondoka na hasira na mkono wake begani kwangu. Mtu mbaya, lakini ananukia vizuri.

Nimerudi Majengo. Mama Magdalena, mwenye nyumba wangu, alikuwa anachambua maharage. Sijafungua mdomo. Akaliona jani, akakaa juu ya ndoo, akasema haya, nani amekuambia?

Kumbe kila Jumamosi nikiwa bado kitandani anamchukua Malkia na mikungu miwili hadi sokoni Kiboriloni. Mwezi mzima nimekuwa nikimlaumu Eliufoo kwa ile spoku iliyopinda! Nikamuuliza Mama Magdalena kama jani ni lake. Akasema, lingekuwa langu ningekupa mkononi pamoja na ndizi, we Wense nakuogopa nini.

Makosa mawili kwa siku moja, na hakuna hata moja lenye jani. Lakini nimegundua jambo. Ukitembea na isale, watu wanajieleza wenyewe. Mapadre wangekuwa na kitu hiki wasingekaa saa nzima kwenye kile kisanduku cha maungamo.

Na ndipo akili yangu, ambayo shule iliniacha nayo mapema ikiwa bado mpya, ikaenda mbele zaidi. Kama anayepokea isale hawezi kukataa, basi anayebeba mengi hawezi kushindwa. Nitabeba mkoba mzima wa masale kwenye ziara. Cheni ikikatika, jani. Tukipotea, jani. Chakula kikichelewa, jani. Evelyn atarudi Dar amesamehe kila kitu.

Nimemweleza Eliufoo. Akaacha kusukuma pampu. Akasema isale si tiketi ya basi, Wense. Nikamwambia ndiyo sababu wewe ni fundi na mimi ni mkurugenzi.

Ijumaa, 11 Julai

Evelyn amefika. Mwanamke mfupi, miguu ya chuma, amezaliwa Kigamboni na bahari ameiona kabla ya kuona shule. Nikamkaribisha Pwani ya Kilimanjaro. Akatabasamu kama mtu aliyeshachungulia majibu ya mtihani.

Nimeandika mambo matatu yaliyonitia shaka.

Moja. Baiskeli nne zimepangwa. Akampita Malkia, akaipita ya njano, akaenda moja kwa moja kwenye ya bluu. Ya bluu ni mojawapo ya zile mbili zenye breki. Amejuaje?

Mbili. Sijamtambulisha Eliufoo. Akamgeukia akasema, wewe ndiye Eliufoo. Hakuuliza. Alisema.

Tatu. Eliufoo akawa mwekundu. Mtu mweusi kama yeye, akawa mwekundu. Akaanza kufuta cheni ambayo alikuwa ameshaifuta.

Mimi si mtoto. Nikaelewa mara moja: mapenzi. Eliufoo ana miaka arobaini na moja, hana mke, ana redio. Namba ya Evelyn anayo, maana ujumbe wangu wote wa biashara anaandika yeye. Mimi natunga, yeye anaandika, kwa kuwa kioo cha simu yangu kimepasuka na herufi nyingine hazipatikani. Basi wakati mimi natafuta wateja yeye anatafuta mchumba, tena kwa vocha yangu.

Nimekasirika kwa dakika kama kumi. Kisha nikafurahi. Ni rafiki yangu. Amenifungia tairi siku tuliyomzika baba yake, hakutaka nitembee kwa miguu. Kesho nitawaacha wapande mlima bega kwa bega.

Mkosaji wa isale bado namtafuta. Jani limeanza kusinyaa. Nimelifunga upya kwenye usukani wa Malkia, mkosaji alione na dhamiri imuume.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzito. Nitaandika kwa mpangilio.

Tumetoka Majengo asubuhi, tukashika barabara ya Himo, tukaacha lami kupanda Kilema. Nikawa mbele, natoa historia. Mahandakini nikamwambia Evelyn handaki hili wazee wetu walilichimba kujificha wakati wa vita, na linatokea Nairobi. Akauliza kama tunaweza kulipitia. Nikasema kwa sasa linafanyiwa ukarabati. Nyuma yangu nikamsikia Eliufoo akisema polepole kwamba linatokea kihamba cha pili, shamba la jirani tu, kwenye mibuni. Nikamsamehe. Mwanaume akipenda hupenda na kujionyesha.

Kanisani nilisema ukweli mtupu, kwa sababu nilibatizwa pale na nina adabu.

Baada ya kanisa nikakumbuka mkoba wangu hauna jani hata moja. Njia inapita kati ya vihamba viwili, na katikati yake masale yamesimama mstari mmoja, marefu, mazuri. Nikawaambia watangulie, nina haja ndogo. Nikakata majani kama ishirini. Mengine yalikuwa magumu, nikavuta. Mashina matatu yakaja na mizizi yake.

Najua masale ya mstari ni mpaka. Nimezaliwa Kilema. Najua mtu hang'oi mpaka wa watu, afadhali ang'oe meno yao. Lakini nilikuwa na haraka.

Mzee akatokea migombani na mundu mkononi. Mzee Elimringi. Alikuwa ananijua tangu naiba mapera yake. Nikasema shikamoo, meku, kama tunavyowaita wazee. Akasema marahaba, na usisogee.

Akauliza ninafanya nini na mpaka wa baba yake. Akasema Mjerumani aliukuta, akaupita. Mwingereza aliukuta, akaupita. Jirani yake huyu wa juu wamegombana naye miaka kumi na tatu, na hata yeye hajawahi kuugusa. Leo anakuja mtoto wa Hilaria na kaptura inayobana.

Wakati huo Evelyn na Eliufoo wamesharudi, wamesimama na baiskeli zao.

Nikafanya kile ambacho mkoba uliletwa kufanya. Nikatoa jani moja, nikalifunga fundo, nikalitoa kwa mikono miwili.

Mzee akalitazama kwa muda mrefu. Akasema, hili ni langu.

Nikasema ndiyo, meku, lakini sasa ni la msamaha.

Akamwita mkewe atoke aone. Akasema ana miaka themanini na mbili na hajawahi kuombwa msamaha kwa mali yake mwenyewe. Mkewe, Mama Eliaichi, akaniuliza kama Krismasi nitamletea zawadi ya mbuzi wake. Evelyn alikuwa ameinama juu ya usukani, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia.

Lakini desturi ni desturi. Mzee akalipokea, kwa uchungu, kama mtu anayepokea jirani mpya. Akaniamuru nipande mashina yote matatu palepale, naye amesimama na kamba kuhakikisha mstari haujahama hata kidole kuelekea kwake au kwa mwenzake. Jirani wa juu naye akaja kusimamia. Mara ya kwanza wazee hao wanakubaliana jambo.

Nilipomaliza, magoti yana matope, Mzee Elimringi akasema isale lina maneno yake, kwa hiyo nitaje kosa mbele ya watu. Nikataja. Kisha akanyoosha mundu kwa Malkia. Na lile lililosinyaa pale, ni la nani?

Nikasema ndilo ninalolitafuta, meku. Nimeombwa msamaha na mtu asiyejitokeza.

Ng'ombe mmoja alikohoa.

Eliufoo akaiegemeza baiskeli yake kwenye mgomba. Akasema ni lake.

Alisema akiwa anaangalia pedeli. Mwezi uliopita, baada ya kumwandikia Evelyn ujumbe wangu, alimwandikia na wa kwake. Kwamba Chala si bahari. Kwamba breki nzima ni za baiskeli mbili. Kwamba njia ya ukingoni ina mawe na watu arobaini wakiambiwa ni ufukwe watakuja na kandambili. Akasema alishindwa kulala, akaona amenisema nyuma ya mgongo, akaja alfajiri na jani, akakosa ujasiri wa kubisha hodi.

Kwa hiyo hayakuwa mapenzi. Yalikuwa mabaya zaidi. Ulikuwa ukweli, tena kwa vocha yangu.

Nilitaka kusema mengi. Mzee Elimringi akaniwahi. Akauliza, umepokea?

Nilikuwa nimeshatangazia Majengo yote na nusu ya Kiboriloni kwamba nimepokea. Mama Magdalena shahidi. Godwin shahidi. Nikasema nimepokea, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini.

Tumefikia kwa mama yangu Hilaria, juu kidogo ya hapo. Katupikia mtori wa ndizi na nyama. Kaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, akaonja yeye kwanza kama desturi, akaniangalia usoni, akaonja tena. Eliufoo nimeshamsamehe mbele ya mashahidi, kwa hiyo sikuweza kumfanya lolote. Nilimnyima chumvi tu. Mama akampa.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya kwanza. Nimemwombea Eliufoo, lakini kwa kifupi.

Tumeshuka Himo, tukaelekea Holili, tukaacha lami. Vumbi, miiba, mawe makali. Sikutoa historia yoyote. Nani anataka historia ya mwongo. Eliufoo akaja kando yangu mara mbili, nikajifanya nina gia za kubadili. Malkia hana gia.

Kisha tukafika ukingoni. Nimepaona mara ishirini na bado moyo huwa unapiga hatua nyuma. Majabali yanakatika ghafla, na chini kabisa maji yale, buluu ambayo hata Dubai hawana. Evelyn akashuka. Akasogea hadi ukingoni, akachungulia. Halafu akaniambia, haya Wense, nipe historia.

Nikamtazama Eliufoo. Akatazama mawe.

Nikasema humu ilizama meli ya vita ya Mjerumani.

Evelyn akauliza iliingiaje, ziwa halina mlango.

Nikasema walileta vipande vipande.

Alicheka hadi akakaa chini. Eliufoo pia alicheka, msaliti yule. Nami nikajikuta nacheka, nikakasirika kwamba nacheka.

Tumepita ukingo wote unaopitika, polepole, kwa kusukuma palipo pabaya. Kwenye jabali la mwisho tairi la nyuma la Evelyn likachanika hadi tyubu. Eliufoo akanyoosha mkono nimpe mkoba wa tyubu za akiba. Nikampa. Akaufungua. Masale.

Tyubu nilikuwa nimeziacha Majengo ili majani yapate nafasi.

Hapo hata mimi sikuthubutu kutoa jani.

Nikavua tairi la Malkia pamoja na tyubu yake, nikampa Eliufoo, nikamwambia mfungie mgeni. Evelyn akakataa. Nikamwambia mimi hupenda kutembea, daktari wangu amenishauri. Sina daktari. Nikambeba Malkia begani, bega la kushoto lililozoea, hadi barabara ya lami Holili. Ni mbali. Sijui kilomita, ninajua mawe. Evelyn alitaka kutembea nami, nikamwambia aendeshe, ziara ni yake. Eliufoo hakuendesha. Alitembea nyuma yangu njia nzima akisukuma baiskeli. Tulipofika lami akanipa maji yake. Nikanywa yote.

Sikumshukuru. Lakini nilimrudishia chupa.

Jumatatu, 14 Julai

Evelyn ameondoka na basi la asubuhi. Kabla ya kupanda ametoa uamuzi.

Septemba wanakuja. Wote arobaini.

Niliruka. Akaniambia nisubiri. Kiongozi wa msafara atakuwa Eliufoo, mbele, na neno lake kuhusu breki na njia ndilo la mwisho. Mimi nitakaa nyuma kabisa, na wale wanaochoka.

Nikauliza kwa nini nyuma, mimi niliyebuni njia. Akasema mbele panahitaji mtu wa kusema kweli, na nyuma panahitaji mtu ambaye hatamwacha mwenzake, tena amchekeshe mpaka afike. Akasema hadithi niendelee nazo, ila kila moja niseme mwishoni kama ni kweli.

Kisha akanionyesha ule ujumbe wa Eliufoo kwenye simu. Yote aliyoyasema yalikuwepo, breki, mawe, kandambili. Lakini chini yake palikuwa na mstari ambao Eliufoo hakuutaja kwa Mzee Elimringi: "Ila dada uje tu, njia ni nzuri sana na Wense ni mtu mwema, ukiharibikiwa atakupa hata cha kwake."

Evelyn akasema mstari huo ndio uliomleta.

Nimerudi Majengo nikimsukuma Malkia, ambaye ameshafungiwa tena tairi lake. Sikutaka kupanda. Macho yalikuwa na vumbi.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala nalo jambo hili nikalifikiria kwa akili tulivu, na kuna kitu hakikai sawa.

Eliufoo amenipatia kazi. Amenisifu kwa mgeni. Ameokoa watu arobaini. Hayo ni mema matatu. Sasa mtu wa namna hiyo anaomba msamaha wa nini? Hakuna Mchagga anayeamka alfajiri, anakata isale, anafunga fundo, kwa sababu ametenda wema. Lile la ujumbe ni la kunituliza tu. Lazima kuna kosa jingine, kubwa, ambalo Mzee Elimringi hakulichimba.

Na angalia dalili. Leo amekuja anapiga mluzi. Ameniletea maziwa ya nyumbani kwao. Ameuliza miguu yangu inaendeleaje. Ameniambia hata kama yeye ni kiongozi, jina la njia libaki langu, Pwani ya Kilimanjaro. Mtu asiye na hatia hawi mpole kiasi hicho kabla ya saa tatu asubuhi.

Nikamtuma sokoni kwa visingizio. Alipoondoka nikazifungua baiskeli zote nne, skrubu kwa skrubu, nilitafute hilo kosa. Cheni, pedeli, mipira ya breki, hata kengele nimeifungua ndani. Mpaka saa sita mchana sijaliona. Amelificha vizuri mno.

Tatizo ni kwamba sasa uani pana rundo moja la vyuma, na sikumbuki kipi ni cha nani.

Nimempigia Eliufoo arudi azifunge. Amekuja, hakuuliza kitu, amekaa chini na spana zake. Nami nimechukua stuli, nimekaa mbele yake karibu kabisa, namwangalia mikono.